Umenunua Spika Tano, Usiitupe Kanda ya Mzee

Juma hili tunayo barua kutoka Maramba, wilayani Mkinga, mkoani Tanga. Mwenzetu aliyeiandika amenunua homu thieta, yaani ule mtambo wa spika tano na sabufa. Anasema akiweka filamu, raha tupu: risasi zinapita nyuma ya kisogo na helikopta inazunguka sebule nzima. Ila alipounganisha deki ya kaseti ili asikilize kanda alizoachiwa na marehemu baba yake, zenye nyimbo za Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na taarabu ya Black Star, mambo yakawa mengine. Mwimbaji anasikika mbele tu. Spika za nyuma zinatoa mvumo, kama mvua inayonyesha juu ya bati la jirani.

Akaita fundi. Fundi wa kwanza akasema mtambo ni mbovu. Fundi wa pili akasema mtambo ni mzima, kanda ndizo zimepitwa na wakati. Akaahidi kuzigeuza nyimbo zote ziwe sauti ya mzunguko, azitie kwenye flashi, azisafishe kelele zote, kisha makaseti yale yatupwe maana hayana kazi tena. Mwenzetu anauliza nani mkweli kati ya hao wawili. Mwishoni ameongeza jambo moja, kana kwamba ni dogo: katika kanda mojawapo, katikati ya wimbo na wimbo, anasikika mzee akikohoa na kuwaambia watoto wanyamaze, redio inasema.

Jambo hilo si dogo hata kidogo, na tutalirudia. Kwanza tumjibu kuhusu mafundi, na jibu lake linatupeleka mbali kidogo katika historia ya sauti iliyohifadhiwa.

Tuanze na masikio yetu wenyewe. Kati ya sikio na sikio la mtu mzima pana kama sentimita 18 hivi. Sauti hewani huenda mwendo wa kama mita 340 kwa sekunde. Mtu akikuita kutoka kulia kwako, sauti yake hufika sikio la kulia kwanza, na la kushoto baadaye kidogo, kwa tofauti isiyotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena hufika kushoto ikiwa imefifia, kwa sababu kichwa kimeikinga. Mwaka 1907 mwanasayansi wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza jinsi ubongo unavyozitumia tofauti hizo ndogo kujua sauti imetoka wapi. Kwa ufupi, pasipo tofauti kati ya sikio na sikio, hakuna upande. Neno hili tofauti, ndugu msomaji, lishike. Ndilo ufunguo wa mazungumzo yetu yote ya leo.

Thomas Edison alipotengeneza mtambo wake wa kunasa sauti mwaka 1877, mtambo ule ulinasa sauti katika mfereji mmoja. Ulimeza sauti zote kwa pamoja na kuzitoa kwa pamoja. Ndivyo zilivyokuwa santuri zote za miongo mingi iliyofuata. Siti binti Saad alipovuka bahari kutoka Unguja mwaka 1928 na kwenda Bombay kurekodi, yeye na wapigaji wake walinaswa katika mfereji mmoja tu wa sauti. Udi, fidla, dafu na koo la Siti, vyote viliingia humo kwa pamoja. Santuri zile ziliposhuka pwani yetu, watu walizikusanyikia kwenye gramafoni na hakuna aliyelalamika kwamba fidla haikutoka kushoto.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mitambo yake akirekodi ngoma na ala za makabila mbalimbali. Naye pia alinasa sauti kwa mfereji mmoja. Hebu fikiria ngoma zetu wenyewe, sengenya ya Wadigo au mdumange wa Wasambaa. Mchezaji yumo ndani ya sauti: ngoma hapa, njuga kule, vigelegele nyuma, waitikiaji kila upande. Kisha mrekodi anasimamisha kipaza sauti kimoja, na duara lote linakunjwa kuwa nukta. Aliyekuwapo alizungukwa na ngoma. Anayeisikiliza leo katika santuri anaisikia kama anachungulia kwa tundu la ufunguo.

Hali hiyo ilimkera mhandisi mmoja Mwingereza, Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mkewe, akaona mwigizaji anatembea kutoka upande huu wa pazia hadi ule, ilhali sauti yake imeng'ang'ania mahali pamoja. Desemba 1931 aliwasilisha maombi ya hataza ya ugunduzi wake: kunasa sauti kwa mifereji miwili, ya kulia na ya kushoto, katika santuri moja. Januari 1934, katika studio za Abbey Road jijini London, alirekodi kwa njia hiyo okestra iliyoongozwa na Thomas Beecham. Ulimwengu haukuwa tayari. Blumlein alifariki mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 38, katika ajali ya ndege wakati wa majaribio ya rada za vita. Santuri za stirio zilianza kuuzwa madukani kwa wingi mwaka 1958, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka 15.

Sasa turudi Tanga. Miaka ya 1960, wakati stirio inaenea Ulaya na Marekani, Tanga ilikuwa mji wa muziki hasa. Kulikuwa na Jamhuri Jazz. Kulikuwa na Atomic Jazz. Upande wa taarabu walikuwapo Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club, walioingiza magita katika taarabu na kuipa mwendo mpya. Humo ndimo alimovuma marehemu Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipita Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, ambako mwaka 1971 waliunda Simba Wanyika. Mji mmoja wa bandari na mkonge ulilisha Afrika Mashariki nzima kwa nyimbo.

Lakini nyimbo hizo, aghalabu, zilirekodiwa mono. Kwa nini? Wapo wanaodhani ni ujinga wa mafundi wetu au umaskini wa vipaji. La hasha. Sababu ni mnunuzi. Mnunuzi mkubwa wa muziki nchini alikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikakua na kubadili jina, na kuanzia 1965 ikajulikana kama Radio Tanzania Dar es Salaam. Matangazo yake yalirushwa kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ili yafike Kigoma na Mtwara na Maramba. Masafa hayo yalibeba mfereji mmoja tu. Redio ya mkulima ilikuwa na spika moja, na betri zake zilianikwa juani ili zisukume siku mbili zaidi. Nani angerekodi mifereji miwili kwa msikilizaji mwenye mmoja? Na santuri ndogo zilizotoka Nairobi na Mombasa zilikuwa za gramafoni za kawaida, nazo nyingi zilikuwa na spika moja.

Tena kurekodi mono kulihitaji ufundi ambao leo umeanza kusahaulika. Mizani ya wimbo ilipatikana kwa kuwapanga watu. Tarumbeta lilisogezwa nyuma ili lisimmeze mwimbaji. Mwimbaji akasogezwa karibu. Ngoma ikawekwa pembeni. Mtu akikosea, wimbo ulianza upya, kwa sababu haikuwezekana kumtoa mmoja aliyekwisha kuingia katika mfereji wa wote. Wimbo wa aina hiyo ni kama pilau iliyokwisha iva: huwezi tena kuurudisha mchele gunia lake na bizari mfuko wake.

Neno lenyewe stirio liliingia kwetu kama sifa kabla halijaingia kama ufundi. Mtaani kila redio kubwa ilikuwa stirio, hata ikiwa spika yake ni moja. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi iliyoitwa Kimbunga Stereo. Stirio maana yake ikawa ni ukubwa, usasa, kishindo. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua milango ya utangazaji kwa vituo vya watu binafsi, Radio One ikaanza mwaka 1994, na masafa ya FM yakaanza kuzoeleka mijini.

FM inatupa somo zuri la hesabu. Njia ya kurusha stirio kwa FM ilipitishwa Marekani mwaka 1961, na wahandisi walikuwa na tatizo: wafanyeje ili mwenye redio ya zamani ya spika moja asikose chochote? Walijumlisha kulia na kushoto, wakairusha jumla hiyo mahali ambapo redio zote huisikia. Kisha walichukua kushoto wakatoa kulia, na lile baki, yaani tofauti, wakalificha juu zaidi, mahali ambapo redio ya stirio pekee inaweza kulifikia. Redio mpya hupokea jumla na tofauti, ikapiga hesabu na kuzirudisha pande mbili. Blumlein mwenyewe aliijua hesabu hiyo ya jumla na tofauti tangu 1931.

Ni hesabu hiyo hiyo inayozaa sauti ya mzunguko sebuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makampuni makubwa yalijaribu kuuza santuri za mifereji minne, mbele miwili na nyuma miwili. CBS wakaja na mtindo wao, Sansui wao, JVC wao, na hakuna mtambo wa huyu uliosoma vizuri santuri ya yule. Wanunuzi wakachoka, biashara ikafa. Fahali walipigana, zikaumia nyasi.

Lakini wakati huo huo Mmarekani mmoja, David Hafler, mwanzilishi wa kampuni ya Dynaco, alionyesha njia rahisi mno. Chukua amplifaya ya kawaida ya stirio. Kila spika ya mbele ina waya wa chanya na waya wa hasi. Sasa chukua spika nyingine, iweke nyuma ya kiti chako, na uiunganishe kati ya chanya ya kushoto na chanya ya kulia, bila kugusa hasi. Spika hiyo haitapiga kushoto wala kulia. Itapiga tofauti tu. Kilicho sawa pande zote mbili, kama sauti ya mwimbaji aliyewekwa katikati, kitajifuta chenyewe. Kinachobaki ni vile visivyolingana: mwangwi wa ukumbi, makofi ya watazamaji, gita lililoegemea upande mmoja. Vitu hivyo vikitoka nyuma yako, chumba kinafunguka, na rekodi ya stirio ya kawaida inakuwa kama imekukumbatia. Ilikuwa sauti ya mzunguko kwa gharama ya spika na waya.

Nitahadharishe hapa: usikimbilie kuifanya kwenye amplifaya yoyote uliyonayo. Zipo nyingi za siku hizi, zikiwamo nyingi za magari, ambazo waya wake wa hasi nao una umeme wa sauti. Ukiunganisha hivyo unaweza kuziunguza. Muulize kwanza fundi anayeijua mashine yako.

Sinema nayo ilishika njia hiyo. Kampuni ya Ray Dolby ilifunga mifereji minne ndani ya miwili ya filamu kwa kanuni ya jumla na tofauti, na Star Wars ya mwaka 1977 ndiyo iliyoitangaza duniani. Mwaka 1982 mbinu hiyo ikaingia majumbani, na mwaka 1987 ikaja mitambo iliyoitwa Pro Logic. Spika za nyuma zilicheleweshwa kidogo, kama sehemu 20 za elfu za sekunde. Kwa nini? Kwa sababu Mjerumani Helmut Haas alikuwa ameonyesha mwaka 1949 kwamba sikio huamini upande wa sauti iliyotangulia kufika, na inayofuata karibu yake huihesabu kama sehemu ya ile ya kwanza. Mwaka 2000 ikaja Pro Logic II, iliyotengenezwa makusudi ichukue hata muziki wa stirio wa kawaida na kuutandaza kwenye spika tano. Homu thieta za leo zimerithi mawazo hayo.

Sasa tumjibu mwenzetu wa Maramba. Mtambo wako si mbovu. Unatafuta tofauti kati ya kushoto na kulia ili uipeleke nyuma. Kanda ya mzee ni ya mono, hivyo kilichoko kushoto ndicho kilichoko kulia. Shilingi kumi toa shilingi kumi, unabaki na nini? Wimbo unajifuta. Lakini kila utepe wa kaseti una mvumo wake mdogo, na mvumo unaosomwa upande wa kushoto haufanani kabisa na ule wa kulia. Huo haujifuti. Ndiyo mvua unayoisikia juu ya bati la jirani! Kichwa cha deki kikiwa kimepinda kidogo, sauti nyembamba za wimbo nazo hufika upande mmoja kabla ya mwingine, mtambo ukadhani ni tofauti ya kweli, ukazirusha nyuma zikiwa kama miluzi na michirizi. Na ukipiga wimbo wa simu uliobanwa sana ili usile nafasi, utasikia nyuma kitu kama maji yanayochemka, kwa sababu wakati wa kubana, ile tofauti ni miongoni mwa vitu vinavyopunjwa kwanza.

Kwa hiyo fundi wa kwanza amekosea. Na fundi wa pili je, anayeahidi kugeuza?

Huyo hana jipya. Stirio ilipoanza kuuza miaka ya 1960, makampuni ya Marekani yalikuwa na maghala ya nyimbo za mono. Yakaamua kuzigeuza. Kampuni ya Capitol iliita mbinu yake Duophonic: wimbo wa mono uligawanywa, sauti nene zikaegemezwa upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kisha upande mmoja ukacheleweshwa kidogo. Jaladani pakaandikwa kwa fahari kwamba ni stirio. Msikilizaji akapata wimbo uliojaa mwangwi, mwimbaji amechanika vipande viwili. Leo wakusanyaji wa santuri huzikimbia santuri hizo, na makampuni yenyewe yamekuwa yakirudi kuuza mono za asili. Mwaka 2009 nyimbo za Beatles zilitolewa upya katika sanduku zima la mono, na watu walizinunua kwa bei kubwa. Wangewezaje kurudi nyuma kama kanda za mono zingekuwa zimetupwa siku walipopata kitu cha kisasa?

Upo mfano mwingine wa kutia moyo. Pet Sounds ya Beach Boys ilitolewa mono mwaka 1966. Kiongozi wao, Brian Wilson, hakuwa akisikia vema kwa sikio la kulia. Miaka 31 baadaye, mwaka 1997, ilitolewa ikiwa stirio halisi. Iliwezekana kwa sababu kanda za awali, zenye ala na sauti za waimbaji zilizotenganishwa, zilikuwa bado kabatini. Mwaka 2022 ikaja hatua kubwa zaidi: Revolver ya Beatles ilichanganywa upya baada ya kompyuta kufundishwa kutambua gita ni lipi, ngoma ni ipi, sauti ya mtu ni ipi, na kuzitenganisha ingawa zilikuwa zimebanwa pamoja katika mfereji mmoja. Ile pilau niliyosema haiwezi kutenganishwa, sasa kompyuta inaanza kuitenganisha punje kwa punje. Programu za namna hiyo zimekwisha kufika hata kwenye kompyuta za nyumbani tangu mwaka 2019. Na tangu 2012, ulipoingia mfumo wa Dolby Atmos katika sinema, sauti inawekwa si nyuma tu bali hata juu ya kichwa.

Kwa hiyo fundi wa pili hasemi uongo mtupu. Anaweza kuchukua wimbo wa Jamhuri Jazz, akamtoa mwimbaji pembeni, akaweka gita kushoto, ngoma nyuma, na ukafurahia. Lakini fahamu unachosikiliza. Mahali pa lile gita pamechaguliwa na fundi wako, si na bendi. Pale ambapo kompyuta haikuwa na hakika, imekisia, na makisio hayo husikika kama ukungu juu ya sauti. Ni kama ile picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe inayotiwa rangi: yaweza kupendeza, ila rangi ya kanzu ya babu kaichagua mpaka rangi. Mtoto wako akiikuta hiyo peke yake ataamini ndivyo babu alivyovaa.

Na hapa ndipo penye lile kohozi. Mzee alirekodi kama walivyorekodi wengi: redio inaimba, redio kaseti iko pembeni yake, kidole kinabonyeza, nyumba nzima inaambiwa kimya. Kanda hiyo ina wimbo wa bendi, pengine na sauti ya mtangazaji akitaja salamu, na ina sebule ya nyumba moja ya Maramba pamoja na mwenye nyumba. Programu ya kusafisha haijui baba ni nani. Kwayo kikohozi ni kelele, amri ya kunyamaza ni kelele, jogoo wa jirani ni kelele. Itavifuta vyote kwa dakika moja, na kazi itakuwa safi sana. Bendi ile unaweza kuipata tena kwa mwenzako au sokoni. Sauti ya mzee, ikifutika kwenye kanda ile, humpati tena mahali popote chini ya jua.

Basi ushauri wangu kwa mwenzetu, na kwa kila mwenye sanduku la kaseti chini ya kitanda, ni huu.

Kwanza, nakili kanda kama ilivyo, mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili, pamoja na mvumo, kikohozi na ukimya. Usisafishe chochote katika nakala ya kwanza. Kabla ya kupiga, mwambie fundi asafishe kichwa cha deki na kukinyoosha. Nakili bila kubana: saa moja ya stirio kwa kipimo cha diski za CD hula kama megabaiti 635. Flashi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya saa 45. Kwa nafasi ya namna hiyo, hakuna sababu ya kubana urithi wa baba.

Pili, weka nakala mahali pawili au zaidi. Flashi hupotea, hufa bila kuaga. Nyingine mpe ndugu yako wa mji mwingine.

Tatu, kaseti yenyewe usiitupe. Iweke pakavu, mbali na jua na mbali na sumaku ya spika. Joto na unyevu wa pwani hualika ukungu. Kesho itakuja mashine bora kuliko ya leo, nayo itaomba kanda, haitaomba nakala iliyokwisha chezewa.

Nne, ukishamaliza hayo, furahi. Chukua nakala ya pili uigeuze upendavyo, uizungushe sebule nzima, na majirani wakaribishwe. Iandike tu wazi kwamba imegeuzwa, mwaka gani na kwa njia gani. Ila ukitaka kuiuza, elewa kwamba wimbo una wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na warithi wa wanamuziki wa Tanga wapo. Na unapotaka tu kuusikia kama ulivyorekodiwa, bonyeza kitufe kinachozima spika za nyuma. Mono iliyopigwa vizuri mbele yako si sauti pungufu. Ndiyo sauti ambayo mafundi na wapigaji wale walikubaliana nayo kabla ya kutoka studio.

Neno la mwisho linatuhusu sote, si nyumba moja. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la Universal Studios, Marekani, likiwa na kanda nyingi za asili za muziki. Umma ulikuja kujua ukubwa wa hasara hiyo miaka 11 baadaye, mwaka 2019. Ikiwa taifa tajiri lenye zimamoto kila kona limepoteza kanda zake kwa siku moja, sisi tuna usalama gani? Nyimbo za bendi zetu zimo katika maktaba ya redio ya taifa, ambayo sasa iko chini ya TBC, na zimo katika masanduku ya watu binafsi kuanzia Chumbageni hadi Maramba. Utepe wa miaka ya 1960 hauhitaji moto. Muda na unyevu vinautosha. Duniani kote vituo vya redio vilifuta kanda ili zitumike tena, maana kanda ilikuwa ghali na wimbo ulionekana upo tu. Huenda kopi pekee ya kipindi kilichofutwa imo katika kaseti ya mtu aliyewanyamazisha watoto wake jioni moja.

Spika zipo dukani na kesho zitakuja zenye mdomo kumi. Ziwe tano, ziwe kumi, zitapiga tu kile tulichozihifadhia.